Mshipa Mfupi Usimponze Mtoaji Figo

Mwezi wa Novemba, 2017, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam, madaktari wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao kutoka India walimpandikiza mgonjwa figo kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Tanzania. Mwezi wa Machi, 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma nayo ikaanza kazi hiyo kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji figo mpya alilazimika kusafiri nje ya nchi, hasa India, akifuatana na ndugu wa kumtolea figo, kwa gharama kubwa iliyobebwa na Serikali au na ukoo mzima. Hatua hiyo ilikuwa ya heshima kwa taifa, nayo ilistahili kushangiliwa.

Lakini shangwe haishoni mshipa. Katika kila upasuaji wa namna hiyo huwapo watu wawili, na mmoja wao si mgonjwa. Ni dada, kaka, mzazi au mtoto mtu mzima, aliyeamka asubuhi hiyo akiwa na afya yake kamili, akakubali kupasuliwa ili mwenzake aishi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na ni vigumu kuona utoaji unaouthibitisha usemi huo kuliko huu. Kwa hiyo, swali la kwanza ambalo taifa linapaswa kujiuliza kuhusu upandikizaji wa figo si idadi ya wagonjwa waliopandikizwa, bali ni jinsi linavyomlinda yule aliyetoa. Na jibu la swali hilo, kwa sehemu kubwa, limo katika mshipa mmoja mfupi ambao watu wengi hawajapata kuusikia.

Kila figo ina mishipa mikubwa ya damu ya aina mbili. Ateri huleta damu kutoka moyoni, na vena huirudisha damu hiyo baada ya kusafishwa. Vena za figo humwaga damu katika vena kuu ya tumbo, nayo vena kuu hiyo hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo, figo ya kulia imepakana nayo, na vena yake ni fupi: kwa kawaida sentimeta 2 hadi 4 tu. Figo ya kushoto iko mbali zaidi. Vena yake hulazimika kuvuka mbele ya ateri kuu kabla ya kuifikia vena kuu, hata urefu wake hufika sentimeta 6 hadi 10. Maumbile hayo hayana kasoro yoyote kwa mtu mwenye afya. Tofauti hiyo huanza kuwa jambo zito siku figo inapotolewa kwa mtu mmoja na kupewa mwingine.

Figo mpya haiwekwi mahali pa ile iliyoharibika. Tangu utaratibu uliotengenezwa na daktari René Küss na wenzake mjini Paris mwaka 1951, figo huwekwa chini ya tumbo, upande wa nyonga. Ateri yake huungwa na ateri ya nyonga, vena yake huungwa na vena ya nyonga, na mrija wake wa mkojo huungwa na kibofu. Figo za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Kazi yote hiyo hufanyika ndani ya shimo lenye kina, kwa sindano iliyopinda na uzi mwembamba kama unywele, huku saa ikihesabu; maana figo iliyokosa damu huanza kuharibika, na ndiyo sababu huoshwa kwa maji maalumu na kuhifadhiwa katika barafu mpaka ishonwe.

Katika kazi hiyo, vena fupi ni mtihani. Ukuta wa vena ni mwembamba na laini kuliko wa ateri, na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo. Ikivutwa kwa nguvu ili ifike mahali pa kushonwa, huweza kuchanika mkononi mwa daktari. Ikishonwa huku imekazwa, tundu lake hubanwa. Na ikipindika, damu husimama. Damu iliyosimama huganda. Figo ambayo haijahamishwa ina vijia vingine vya kupunguza damu vena yake inapoziba, lakini figo iliyopandikizwa haina. Ateri huendelea kuleta, vena haitoi. Figo huvimba, mkojo hupungua au huwa na damu, na pengine figo hupasuka. Janga hilo hutokea kwa wagonjwa wachache, na mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza, lakini likitokea figo huokolewa kwa nadra. Hapo mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na ndugu yake hubaki na kovu ubavuni na figo moja, bila yeyote kufaidika.

Ndiyo sababu madaktari duniani kote hupenda kuchukua figo ya kushoto. Vena yake ndefu humpa mshonaji nafasi. Jambo hilo halina ubaya endapo figo zote mbili za mtoaji ni sawa. Lakini figo za mtu mmoja hazilingani kila mara. Huenda moja ina kijiwe kidogo, au ina uvimbe wa maji, au hufanya kazi kwa kiwango cha chini kuliko mwenzake. Kwa ajili ya hali hiyo ipo kanuni inayoheshimiwa na wapandikizaji wote waadilifu, nayo ni kwamba figo iliyo bora hubaki kwa mtoaji. Mtoaji hakuja hospitali kutafuta dawa. Hana ugonjwa wa kuponywa kwa kisu. Ataishi na figo moja maisha yake yote, na ni haki yake kuondoka na ile iliyo nzuri.

Hapo ndipo ufundi na haki vinapokutana. Tuseme dada anataka kumpa figo ndugu yake, na uchunguzi unaonyesha kwamba figo yake ya kulia ndiyo yenye kasoro ndogo. Kanuni inasema itolewe ya kulia. Lakini ikiwa hospitali haina daktari anayejua kuishughulikia vena fupi, zimebaki njia mbili, na zote ni mbaya. Ama dada huyo ataambiwa hafai, na mgonjwa atampoteza mtu pekee aliyekuwa tayari kumsaidia. Ama atachukuliwa figo ya kushoto iliyo nzuri, abakie na ile yenye kasoro, kwa sababu tu ya kumrahisishia daktari kazi. Dhuluma hiyo haitaandikwa katika faili lolote. Haitatokana na rushwa wala na ubaguzi. Itatokana na upungufu wa mkono uliofunzwa. Kwa hiyo, ujuzi wa kurekebisha vena ya figo si pambo la kitaalamu. Ni sharti la kumtendea haki raia aliyejitolea.

Ujuzi wa kushona mishipa ya damu una historia inayofaa kukumbukwa. Mwezi wa Juni, 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata vena kubwa iendayo kwenye ini, na madaktari wa mji ule wenye sifa wakashindwa kuizuia damu, kwa maana hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuunga mshipa uliokatika. Rais akafa baada ya saa chache. Kijana mmoja wa miaka ishirini hivi aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, Alexis Carrel, hakuridhika na kushindwa huko. Alikwenda kujifunza kushona, si kwa daktari, bali kwa mwanamke fundi wa kutarizi, Madame Leroudier. Kwake alijifunza kutumia sindano nyembamba kupita kiasi na kuvuta uzi bila kukichana kitambaa.

Mwaka 1902 Carrel alitangaza njia yake. Aliweka nyuzi tatu za kushikilia katika mdomo wa mshipa, kwa nafasi zilizo sawa. Nyuzi hizo zikivutwa, tundu la duara huwa pembetatu yenye pande zilizonyooka, na kila upande hushonwa kwa urahisi bila sindano kunasa ukuta wa pili. Alihamia Marekani, akafanya kazi Chicago pamoja na Charles Guthrie, kisha New York, akihamisha figo za wanyama na kuziona zikitoa mkojo tena. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, haifai kusimulia nusu ya habari zake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1935, mtu huyo huyo alitetea kuwaondoa duniani kwa gesi baadhi ya wahalifu, na alihubiri uteuzi wa vizazi vya wanadamu. Mkono wake uliokoa watu wengi, lakini fikra zake ziliwadharau watu wengi. Funzo lake kwa taifa lolote ni kwamba ufundi peke yake hauna dira. Lazima uongozwe na utu.

Njia za kuirefusha vena fupi zinaeleweka bila shida zikielezwa kwa lugha ya kawaida. Katika nchi ambazo figo hutolewa pia kwa watu waliokwisha kufa, daktari huondoa figo ya kulia pamoja na kipande cha vena kuu yenyewe. Matundu yasiyohitajika hushonwa, na kipande hicho hugeuka kuwa mrija wa kurefusha vena ya figo. Kazi hiyo hufanyika juu ya meza ya pembeni, figo ikiwa ndani ya barafu, kabla ya kupelekwa kwa mgonjwa. Ni njia nzuri, lakini haiwezekani kwa mtoaji aliye hai, kwa maana hakuna awezaye kumkata mtu mzima mwenye afya vena kuu ya tumbo lake. Muhimbili na Dodoma zilianza kwa figo za ndugu walio hai. Kwa hiyo madaktari wa Tanzania wanahitaji hasa zile njia nyingine.

Njia ya kwanza haihitaji kuongeza kitu. Daktari huifungua vena ya nyonga ya mgonjwa kutoka katika kitanda chake, akifunga na kukata matawi yanayoishikilia kwa nyuma, mpaka inyanyuke na kuja juu. Kama vena ya figo haifiki ilipo vena ya nyonga, basi vena ya nyonga ndiyo hupelekwa ilipo ya figo. Mara nyingi hiyo yatosha. Lakini matawi hayo yamo ndani sana, kuta zake ni nyembamba, na likiponyoka moja damu hujaa shimoni kwa muda mfupi. Hapo ndipo hujulikana nani alifundishwa vema na nani alipewa cheti tu.

Njia ya pili hutumia mshipa wa mtu mwenyewe. Ipo vena nyembamba ishukayo kutoka karibu na figo kwenda kwenye kokwa kwa mwanamume na kwenye ovari kwa mwanamke. Sehemu yake huweza kutolewa pamoja na figo, ikapasuliwa kwa urefu na kushonwa kuwa mrija mfupi. Ipo pia vena ndefu ipitayo upande wa ndani wa mguu, kutoka kifundoni hadi kinenani, ile ile itumiwayo na wapasuaji wa moyo kupitisha damu kando ya ateri iliyoziba. Vena hiyo ni nyembamba kuliko ya figo, haiwezi kuungwa nayo jinsi ilivyo. Kwa hiyo hupasuliwa ikawa utepe, kisha utepe huo huzungushwa juu ya mrija wa kupimia na kushonwa kingo kwa kingo. Aliyepata kumwona mshonaji wa mkeka akiunganisha ukili mzunguko baada ya mzunguko hana haja ya kuchorewa picha. Utepe mwembamba huzaa mrija mpana, wenye upana unaotakiwa, na uliotengenezwa kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe ambayo mwili wake hauwezi kuikataa.

Njia ya tatu ni kutumia mrija uliotengenezwa kiwandani. Huo upo, na madaktari wameutumia, lakini ni kitu kigeni mwilini. Damu huganda ndani yake kwa urahisi zaidi, na vijidudu vikiuvamia ni vigumu kuviondoa, hasa kwa mgonjwa anayemeza dawa za kupunguza kinga ili asiikatae figo. Hivyo huwa chaguo la mwisho. Inafaa kutambua kwamba katika jambo hili busara ya kitaalamu na siasa ya kujitegemea zinasema kauli moja: mali bora imo ndani ya mwili wa mgonjwa. Kinachohitajika kuagizwa ni nyuzi, sindano na vyombo vichache. Kinachohitajika kujengwa hapa nchini ni mkono.

Hakuna njia kati ya hizo iliyo ya bure. Kila mshono unaoongezwa ni mahali papya ambapo damu huweza kuvuja au kuganda, na kila dakika inayotumika kwenye meza ya pembeni ni dakika ya figo kukaa bila damu. Daktari mwenye hekima hairefushi vena ambayo ingetosha jinsi ilivyo, wala haivuti ile isiyotosha. Vivyo hivyo, akikuta figo yenye vena mbili, hujua kwamba ile ndogo yaweza kufungwa, kwa sababu vena za ndani ya figo zimeunganika na damu hupata njia nyingine. Hathubutu kufanya hivyo kwa ateri, kwa maana kila tawi la ateri hulisha sehemu yake peke yake, na likifungwa sehemu hiyo hufa. Kujua lini ushone na lini uache ni elimu inayotokana na kuona mengi chini ya mwalimu mwema.

Mfano wa Marekani unaonyesha jinsi jambo hili lisivyosamehe uzembe. Mwaka 1995, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Lloyd Ratner na Louis Kavoussi walimtoa mtu aliye hai figo kwa kutumia kamera na matundu madogo. Njia hiyo ilipunguza maumivu ya mtoaji na kumrudisha kazini mapema, hata ikaenea ulimwenguni. Lakini chombo kinachobana vena kwa safu za pini hula sehemu ya urefu wake, na kwa figo ya kulia sehemu hiyo ni hasara kubwa. Baadhi ya figo za kulia zilizotolewa hivyo mwanzoni ziliharibika kwa damu kuganda katika vena. Madaktari wale hawakuficha. Walichapisha matokeo yao, wakabadili utaratibu wa kutoa, na pale ilipobidi wakaongeza kiraka kutoka katika vena ya mguu ya mpokeaji. Ushujaa wa kwanza ulikuwa kuvumbua. Wa pili, ulio mgumu zaidi, ulikuwa kukiri hadharani.

Mfano mwingine ni wa mwanzo kabisa. Tarehe 23 Desemba, 1954, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakampa pacha wake, Richard. Ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliompa mgonjwa maisha ya miaka. Kabla ya kushika kisu, madaktari wale walitaka ushauri wa madaktari wengine, wanasheria na viongozi wa dini, kwa kuwa hapakuwa na aliyekuwa na hakika kama ni halali kumpasua mtu mzima kwa faida ya mwingine. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald aliishi hadi mwaka 2010. Taaluma hii ilizaliwa, basi, na swali la haki ya mtoaji mikononi mwake. Haifai kwa nchi inayoipokea leo kuliacha swali hilo mlangoni.

Watakuwapo wenye kuuliza kama nchi ambayo bado inapambana na malaria na vifo vya akina mama ina sababu ya kujishughulisha na vena ya figo. Swali hilo ni halali, nalo lina jibu. Ni kweli kwamba kinga ndiyo msingi. Shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa za kufa kwa figo, na zahanati inayopima watu mapema huokoa figo nyingi kuliko chumba chochote cha upasuaji. Lakini mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha kufa hawezi kuambiwa arudi utotoni akajikinge. Anahitaji mashine, kwa kawaida mara tatu kila juma, maisha yake yote, au anahitaji figo. Zaidi ya hayo, mkono unaojua kushona vena ya figo hauishii kwenye figo. Ndio huo unaoandaa mshipa wa mkono kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Ndio huo unaoweza kuokoa mguu wa kijana aliyekatwa ateri katika ajali ya pikipiki. Taifa linalofundisha ufundi huo halinunui anasa ya wachache.

Yapo basi mambo ambayo hayana budi kufanywa. Kwanza, kanuni ya figo bora kubaki kwa mtoaji iandikwe katika taratibu za kila hospitali inayopandikiza, na sababu ya kuchagua upande ielezwe katika faili kwa maneno yanayosomeka. Isiwe ruhusa kuandika kwamba upande fulani ulichaguliwa kwa wepesi wa kazi tu. Mishipa ya mtoaji ipigwe picha kabla ya siku ya upasuaji, ili vena fupi au vena mbili zisiwe jambo la kushtukiza mezani. Na kila mtoaji aongee na daktari faraghani, mbali na wazee wa ukoo, apate nafasi ya kukataa bila kuaibishwa. Figo iliyotolewa kwa shinikizo la kikao cha familia si zawadi.

Pili, mafunzo yasiwe ya mtu mmoja. Hospitali yenye fundi mmoja tu wa mishipa hukosa huduma siku anapougua au anapohamia kwenye mshahara mnono. Madaktari vijana wafundishwe kushona mishipa ya mifugo kutoka machinjioni kabla ya kumgusa binadamu, wakae kwenye meza ya pembeni pamoja na mabingwa, na wageni wanaokuja kusaidia wahesabiwe kwa idadi ya Watanzania waliowaacha wakiweza kazi hiyo, si kwa idadi ya picha zilizopigwa. Wauguzi nao wafundishwe dalili za vena iliyoziba. Mkojo ukipungua ghafla au ukigeuka damu, na kovu likivimba na kuuma, picha ya mawimbi ya sauti ifanywe saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na chumba cha upasuaji kiwe tayari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili mara nyingi ukuta wenyewe haujengeki.

Tatu, yawepo maandishi. Matokeo ya kila figo iliyopandikizwa, ya kulia na ya kushoto, iliyofaulu na iliyoharibika, yakusanywe na kuchapishwa. Na mtoaji asisahauliwe anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Apimwe shinikizo la damu na kazi ya figo yake kila mwaka, bila malipo. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililolaani biashara ya viungo vya binadamu, lilisisitiza pia matunzo ya waliotoa viungo vyao. Nchi inayowatunza watoaji wake hupata watoaji zaidi. Inayowatelekeza hufungua mlango kwa madalali.

Watumishi wa umma na walimu wanayo sehemu yao katika kazi hiyo, wala si ndogo. Karani wa bohari anayechelewesha oda ya nyuzi nyembamba kwa sababu haoni tofauti kati yake na nyuzi za kushonea ngozi ameshiriki katika upasuaji ule, na ameshiriki vibaya. Ofisa anayepitisha fedha za masomo ndiye anayeamua, miaka kumi kabla, kama atakuwapo mtu wa kuinyanyua vena ya nyonga bila kuipasua. Mwalimu wa sayansi anayemwonyesha mtoto kwa nini vena ya kulia ni fupi na ya kushoto ni ndefu amempa raia huyo uwezo wa kumwuliza daktari swali la maana siku ukoo wake utakapofikwa na jambo hili. Na ujinga, ambao ulitajwa tangu mwanzo wa uhuru kuwa adui sawa na maradhi na umaskini, hupendelea kujificha penye maneno ya kitaalamu.

Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba figo yaweza kupandikizwa hapa nchini. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba yaweza kupandikizwa kwa haki. Dada aliyejitolea kwa ajili ya ndugu yake asiambiwe kwamba hakuna wa kuishona vena yake ya kulia, wala asichukuliwe figo yake nzuri kwa kuwa ndiyo nyepesi kwa mshonaji. Uzito wa mshipa mfupi uchukuliwe na daktari aliyefunzwa, na daktari huyo achukuliwe na taifa lililomsomesha. Mtoaji amekwisha kubeba sehemu yake.